Mashine ya Uhakiki na Mikono ya Dobi

Ninyi mlioajiriwa juzi katika afya, mnaovaa vitambulisho shingoni na kuvigeuza kila mkipita mbele ya kioo, nina jambo la kuwaambia. Siyo mahubiri. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, tena hilo la nne nililimaliza kwa sababu mwalimu alihamishwa kabla hajanirudisha la tatu. Lakini nimefua nguo za hospitali ya serikali hapa Mbeya miaka thelathini na minne. Nimestaafu kwa barua. Napokea pensheni kila mwezi. Na mwaka huu nusura niandikwe kwamba sina vidole.

Nitawaeleza ilivyokuwa. Nanyi mtazeeka, hata kama kwa sasa mnaona ni jambo la watu wengine.

Kwetu ni upande wa Mgololo, kule mkoani Iringa. Enzi zetu kila kijana wa kijijini alitaka kuingia kiwanda cha karatasi, kwa sababu waliokuwa kiwandani walivaa viatu hata siku zisizo Jumapili. Mimi nilikwenda nikaambiwa wanataka darasa la saba. Nikarudi mara ya pili nikiwa nimenyoa, wakanitambua. Basi nikaja Mbeya kwa mjomba, na mjomba alikuwa mlinzi wa hospitali. Siku moja akaniambia dobi wanatafuta kibarua mwenye mgongo. Mgongo nilikuwa nao.

Msimamizi wa dobi alikuwa Mama Sanga. Mkinga kwa kabila, mfupi, hakuwahi kupaza sauti, na hakuhitaji. Aliniangalia mikono kwanza, kisha uso. Akaniuliza damu inafuliwa kwa maji gani. Nikajibu kwa ujasiri kwamba ya moto. Akasema vizuri, basi utaanza na toroli. Nikasukuma toroli la mashuka machafu miezi mitatu, wodi kwa wodi, mpaka siku moja nikamwuliza mwenyewe, maana nilikuwa nimechoka kuwa na jibu lisilo sahihi.

Damu inafuliwa kwa maji baridi. Maji ya moto yanaipika, na ikishapikwa haitoki tena, inakaa kwenye shuka mpaka shuka linakwenda kuzikwa na mtu. Loweka baridi, sugua, suuza, ndipo uje na moto na magadi. Mnacheka, lakini nyumbani kwenu mnafua kwa moto, nimewaona.

Sasa hapo mwanzoni, nikiwa bado kibarua, yalinipata ya mashine ya kukamulia. Ilikuwa ya zamani, mipira miwili inayozunguka, unaingiza shuka hapa linatokea kule limebanwa limekauka nusu. Nilikuwa naangalia dirishani. Kulikuwa na nini dirishani sitawaambia, ila nilimwoa baadaye. Mashine ikachukua shuka, na pamoja na shuka ikachukua kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto.

Mama Sanga akaizima. Hakupiga kelele. Alikitoa kidole kwenye mipira kama anavyotoa kifungo kilichokwama, akakifunga kwa kitambaa, akanipeleka kwa daktari mwenyewe. Kikashonwa. Mfupa ukaunga ulivyotaka wenyewe, na tangu siku hiyo kidole hakikunjiki. Kimesimama pembeni kama mtu aliyekataa kusalimia.

Tulipotoka kwa daktari Mama Sanga alichukua kitabu cha ajali za kazini, akafungua ukurasa, akashika kalamu.

"Niandike?"

Nikamwambia asiandike. Nilikuwa kibarua. Nilidhani kikiandikwa nitaonekana mtu wa mikosi, nitarudishwa Mgololo.

"Utajuta."

"Nitajuta nikiwa na kazi, mama."

Akafunga kitabu. Ikaishia hapo. Sikupata fidia kwa sababu hakuna aliyeumia. Kitabu kilisema hivyo. Ninyi msifanye hivyo. Ukijichoma sindano, ukianguka kwenye stoo ya dawa, ukipigwa na mgonjwa, andikisha siku hiyo hiyo kabla damu haijakauka. Aibu itapita. Kilichoandikwa kitabaki.

Kidole chenyewe kikapata jina. Mpishi wa hospitali, Mwambene, mtu wa maneno, alikuja siku moja kuleta taulo za jikoni akanikuta nasugua. Vidole tisa vimo ndani ya beseni vinahangaika na magadi na klorini, cha kumi kimesimama juu, kikavu. Akasema, "Hicho ndicho karani. Wenzake wanafanya kazi, yeye anaangalia." Basi kikawa Karani. Hospitali nzima ilimjua Karani. Kuna waganga walionisalimia: habari yako, na Karani hajambo?

Kazi yetu ilikuwa na siri zake. Siri ya kwanza ni mifuko. Usifue koti la daktari bila kuingiza mkono kila mfuko. Nilikuwa na kopo la maziwa ya unga juu ya dirisha, kila nilichokikuta nilitia humo: kalamu, vipimajoto, karanga, barua za mapenzi, na mara moja jino. Daktari alikuja kutafuta kalamu yake, akaondoka na kalamu na barua. Jino hakuna aliyelidai.

Siri ya pili ni rangi. Niliijua kwa njia mbaya. Kulikuwa na mablanketi mekundu ya wodi ya wazazi, mapya kabisa, na mimi katika haraka ya Ijumaa nikatupia moja pamoja na makoti ya madaktari. Jumatatu madaktari walizunguka wodini wote wana rangi ya waridi. Mganga mkuu naye. Hakuna aliyecheka kwa sababu aliyevaa waridi kuliko wote ndiye alikuwa mkubwa wao. Mama Sanga alinijia, akasimama, akasema kesho utazunguka nao uwaeleze wagonjwa. Sikujua kama anatania. Nikaenda. Hakuwa anatania.

Na siri ya tatu ni baridi ya hapa kwetu. Mwezi wa sita shuka halikauki Mbeya, linachoka tu kwenye kamba. Unalianua likiwa na ubaridi wa ukungu ndani yake, unampelekea mgonjwa, anatetemeka, nesi anadhani ni homa. Kwa hiyo tulikuwa tunaanika chini ya paa la mabati nyuma ya tanuri la kuchemshia, tunapanga kwa zamu. Siku hizi mna mashine inayofua, inakamua na kukausha, mnabonyeza mnakwenda kuchezea simu. Sina wivu. Ila ikiharibika nitafuteni, namba yangu mnayo.

Sasa karatasi.

Nilipopewa barua ya ajira ya kudumu Mama Sanga aliniambia niiweke mahali ambapo hata mimi mwenyewe nitapata taabu kuifikia. Nikanunua bati la biskuti, lile lenye kifuniko kigumu. Nikaweka barua ya ajira ya kwanza. Nikaweka barua ya kuthibitishwa kazini. Kila barua ya kupandishwa nikaiweka, ingawa hazikuwa nyingi. Dobi hapandi sana. Nikaweka hati za mshahara mpaka bati likakataa kufunga nikanunua la pili. Mke wangu akalalamika kwamba biskuti zenyewe hatukula. Ni kweli, nilizinunua kwa ajili ya bati.

Mwambene mpishi alinicheka. Alisema karatasi zake ziko ofisini, serikali inatunza. Alipokaribia kustaafu faili lake likafunguliwa, barua ya kuthibitishwa haimo. Hakuna anayejua ilikwenda wapi. Serikali inatunza, ndiyo, lakini imehama ofisi mara tatu na kila ikihama panya nao wanahama. Mwambene alitembea mwaka mzima na zaidi kutafuta nakala. Mtu aliyepikia wagonjwa uji miaka yote ile, anaulizwa alithibitishwa lini. Alipata mwishowe, lakini alikuwa amejifunza kunyamaza, na hilo lilitusikitisha wote.

Mimi nilianza kuandikiana na ofisi ya utumishi miezi sita kabla ya siku yangu, bati mkononi. Wakauliza barua ya kwanza, nikatoa. Wakauliza ya kuthibitishwa, nikatoa. Yule bwana wa utumishi akaniuliza kama nimesoma chuo gani. Nikamwambia cha maji baridi. Nikaandika na jina la mke wangu kwenye fomu ya wategemezi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa sababu nawajua kaka zangu: siku nikifa watafika kwenye matanga na orodha yao. Fomu nayo ni orodha.

Basi nikastaafu. Wakachukua alama za vidole, vyote kumi, kimoja kimoja. Karani alitaabisha, dada wa mfuko wa pensheni akamlazimisha kwa kumbana upande upande, akasema ameingia. Nikaenda zangu Ilomba, nyumbani, nikakaa siku nne. Siku ya tano nikaanza kufua mashuka ya nyumba moja ya wageni kule Uyole. Mtu hawezi kukaa tu.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua.

Mstaafu anahakikiwa. Unakwenda kwenye ofisi ya mfuko wa pensheni unaweka kidole kwenye kioo kidogo, mashine inasema huyu ni yule yule na bado yupo hai. Usipokwenda, au ukienda ikakukataa, pensheni inasimama. Na kwangu pensheni siyo chakula tu. Mama Tumaini, mke wangu, ana sukari. Dawa yake anaichukua kwa kadi ya bima, na kadi ile imefungwa kwenye jina langu la mstaafu. Nikiwa si hai, na yeye kadi yake si hai.

Mara za kwanza nilipita. Kwa kusugua, kwa kupuliza, lakini nilipita. Mwaka huu nikafika ofisini asubuhi, kuna foleni ya wastaafu, mbele yangu nesi mstaafu wa wodi ya watoto tuliyefanya naye kazi. Nikakaa kwenye kiti. Aliyekuwa na mashine ni binti mmoja anaitwa Tusekile, mpole, kucha fupi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mimi siyo babu yako, mimi ni mstaafu."

"Haya, mstaafu. Weka dole gumba."

Nikaweka. Taa nyekundu. Akanipa kitambaa nifute. Nyekundu. Akanipaka spiriti. Nyekundu. Dole gumba la pili, cha shahada, cha pili yake, nyekundu, nyekundu. Akashika mkono wangu akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Nikaangalia na mimi. Ngozi ya vidole ilikuwa inang'aa kama kitako cha chupa. Hakuna mstari hata mmoja.

"Ulikuwa kazi gani, mzee?"

"Dobi wa hospitali. Na sasa hivi bado."

"Ndiyo maana. Mashine haikuoni."

"Wewe unaniona?"

"Nakuona vizuri."

"Basi iambie."

"Haisikii, mzee. Inapapasa tu."

Yule nesi akageuka kutoka mlangoni akasema kwa sauti watu wote wasikie kwamba nililipwa sabuni nyingi sana, sasa sabuni imekuja kudai chake. Nikamjibu kwamba sabuni ya serikali ilikuwa haifai hata kuibiwa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Tusekile akanieleza taratibu. Ana nafasi ya kunijaribu tena mpaka mwisho wa mwezi. Nikikataliwa hapo, pensheni itasimamishwa, bima pamoja nayo, na itabidi nijaze fomu maalumu, na barua ya mtendaji wa mtaa, na cheti cha daktari kwamba mikono hii ni yangu, ziende makao makuu.

"Zitarudi lini?"

Akaangalia mashine, akaangalia mikono yangu.

"Zitarudi," akasema.

Nikarudi nyumbani nikamweleza Mama Tumaini yote. Yeye hana mambo ya kulia. Aliuliza dawa iliyopo ndani ni ya siku ngapi, akaenda kuihesabu, akarudi. Mwanangu Tumaini, ambaye yuko kwenye mbao huko Mafinga, akapiga simu kusema atatusaidia, baba usihangaike. Nikamwambia atunze wanawe. Mimi nilijitoa mwenyewe Mgololo kwa miguu yangu, sijawahi kulishwa na mtu tangu nilipoachishwa ziwa, na sitaanza kwa sababu ya kioo kidogo.

Mke wangu akaniacha nimalize kujisifu. Kisha akauliza, "Mama Sanga yeye anapitaje?"

Sikuwa nimefikiria. Mama Sanga alistaafu zamani, alihamia Iringa mjini, Kihesa, kwa binti yake. Alifua miaka mingi kuliko mimi. Na pensheni yake haikuwahi kusimama, ningesikia.

Nikaenda. Nilimkuta amekaa nje anachambua maharage, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na alipaswa kuwa mdogo maana hata zamani hakuwa mkubwa. Tukasalimiana kamwene, salamu ya kwetu, kwa kirefu, mpaka tukafika kwa kuku wake. Kisha nikanyoosha mikono. Hakuuliza ni kwa nini. Aliipindua akaiangalia kama anavyoangalia shuka lililorudi na doa.

Akasema, "Umeendelea kufua."

"Ndiyo."

"Mstaafu unafua?"

"Mashuka ya wageni tu, mama."

Akanionyesha yake. Mistari ilikuwepo, hafifu, kama shamba la zamani lililoota majani. Dawa yake ilikuwa rahisi. Wiki mbili kabla ya kila uhakiki hagusi maji. Hafui, haoshi vyombo, hanawi mikono zaidi ya kupangusa. Anapaka mafuta ya kondoo asubuhi na jioni, anavaa soksi mikononi. Ngozi inapumzika, mistari inainuka. Kama haiinuki, basi.

Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto akamwona Karani. Akamgusa kwa kidole.

"Huyu bado yuko."

"Yuko. Hafanyi kitu."

Akachambua maharage machache. Kisha akaniambia maneno ambayo sikuyategemea kwa mtu ambaye hajawahi kukosea mbele yangu. "Wewe ulikuwa kijana, ukasema nisiandike. Mimi nilikuwa msimamizi wako. Nikakusikiliza wewe. Katika kazi yangu yote, hilo ndilo doa langu."

Nikamwambia yamepita. Akasema doa halipiti, linafuliwa au linabaki. Akanifungia mafuta ya kondoo kwenye chupa ya jamu, na mayai sita, nikaondoka.

Wiki mbili zile sitazisahau. Mashuka ya Uyole nikayarudisha. Mwenye nyumba ya wageni akampa kijana mwenye mashine, nikapoteza kazi siku hiyo hiyo. Nyumbani ni mimi ninayefua tangu tulipooana, siyo kwa wema, ni kwa sababu sikuridhika na ufuaji wa mke wangu. Sasa yeye akachukua beseni, mimi nimekaa kwenye kigoda, soksi mikononi, nanuka kondoo mpaka mbwa wa jirani akawa ananifuata chooni. Ugali nikala kwa kijiko kama mgeni wa heshima. Majirani wanawake wa Ilomba walipita makusudi kuangalia. Mmoja akamwuliza mke wangu, "Mama Tumaini, mwali wako anatoka lini?"

Siku ya tatu nikamwona mke wangu anamwaga maji ya moto kwenye taulo alilofutia damu, maana anajichoma kidole kupima sukari. Nikainuka.

"Baridi, mama Tumaini. Damu ni baridi."

"Una mikono?"

Nikakaa.

Kila asubuhi naangalia vidole dirishani. Siku ya tisa nikadhani naona kitu kwenye cha shahada. Ulikuwa uzi wa soksi. Dawa ya mke wangu ilikuwa inapungua, na ingawa hakusema, niliona ameanza kuisogeza chupa nyuma ya nyingine ili nisiione. Nami nikajifanya siioni. Hivyo ndivyo watu waliooana zamani wanavyofarijiana.

Zikabaki siku mbili mwezi uishe, nikaenda. Nilivaa koti. Tusekile akanitambua kabla sijafika, labda kwa harufu.

Akaanza na dole gumba. Nyekundu. Akabonyeza kwa nguvu, akabonyeza kwa upole. Cha shahada kikatoa taa ya manjano, ikakaa kidogo, ikawa nyekundu. Cha kati, cha pete, kidogo cha kulia. Mkono wa pili, gumba, shahada, kati, pete. Binti wa watu alikuwa ameanza kutoa jasho puani. Akaegemea kiti.

"Vimekwisha, mzee."

"Nimeona."

Akavuta fomu maalumu kutoka kwenye droo. Akaandika jina langu. Mimi nikawa nafikiria ile chupa. Akasimamisha kalamu.

"Vimekuwa tisa."

"Ndiyo."

"Una vidole tisa?"

Mkono wa kushoto nilikuwa nimeukalia. Ni mazoea, mbele ya watu wa ofisi huwa namficha Karani, tangu nilipokuwa kibarua. Nikamwambia cha kumi ni mlemavu, hakilali kwenye kioo, asijisumbue.

"Kilete."

Nikakileta. Kweli hakikulala. Akajaribu mbele, akajaribu pembeni. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuona mtu wa ofisi akifanya: aliinua mashine nzima kutoka mezani, akaja nayo upande wangu, akainamisha kioo mpaka kikafuata kidole kilivyopinda. Mimi nimesimama nimejipinda kama mtu anayejikuna mgongo, yeye amepiga goti, wastaafu wote wameinuka kwenye viti. Akabonyeza.

Kijani.

Tukabaki hivyo hivyo muda kidogo, kwa kuogopa kuisogeza. Kisha akarudisha mashine mezani, akaangalia skrini, akaona picha yangu imetokea na jina langu lote. Akamchukua Karani akampapasa kwa ncha za vidole vyake, kama mashine.

"Mistari yote ipo. Mzee, hiki kidole hakijafanya kazi."

"Tangu mwaka wangu wa kwanza," nikamwambia.

Akachana ile fomu maalumu. Akanipa risiti ya uhakiki, nikaikunja mara mbili, nikaitia mfuko wa ndani ambako dobi yeyote mwenye akili ataikuta. Yule nesi mstaafu hakuwepo siku hiyo, na hilo ndilo jambo pekee lililoniudhi.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amekaa na chupa mezani, hakuificha tena. Akauliza nimepita? Nikamwambia amepita Karani. Akaniangalia kuona kama akili zangu ni nzima, kisha akaelewa, akavuta kanga akajifunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Sikuuliza kama ni kicheko. Kesho yake tulikwenda pamoja kuchukua dawa. Kadi ikasomwa bila neno.

Jioni nilimpigia Mama Sanga. Nikamweleza yote, vidole tisa na cha kumi, goti la binti, taa.

Akasema, "Iandike."

"Niandike wapi, mama? Mimi?"

"Popote. Mara ile hatukuandika."

Ndiyo hii sasa nimeandika. Ajali ya mashine ya kukamulia, kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kibarua wa dobi, msimamizi alikuwepo. Kama kuna mwenye kitabu cha ajali cha enzi zile na ukurasa bado ni mweupe, ajaze.

Siku hizi ninafua za nyumbani tu, na kwa mpango. Mwezi wa uhakiki unapokaribia naitoa mikono kwenye maji mapema, navaa soksi, majirani wanajua. Na ninapofua, vidole tisa viko chini vinasugua, Karani yuko juu, mkavu, amesimama kama bwana mkubwa anakagua. Zamani nilikuwa namwonea aibu. Sasa namwacha. Ndiye anayetulisha.